Nimemwacha Anaoga

Mtaani walimwita Karani hata baada ya kustaafu, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyamalizia mahakamani, ameketi mbele ya hakimu, akiandika uongo wa watu kwa mwandiko mzuri. Kazi hiyo ilimwachia mgongo unaouma na sikio lisilodanganyika. Mtu akianza kujieleza mbele yake, Karani hubetua mdomo wa chini kidogo tu, na yule mtu hajafika hata katikati ya habari yake, hukumu imeshatoka.

Mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, alihukumiwa siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha. Hakuwa mlevi. Hakuwa mgomvi. Alikuwa na kazi nzuri ya kukagua lifti za maghorofa katika nchi mbalimbali, na kazi hiyo ilimpandisha ndege mara nyingi kuliko wengine wanavyopanda ngazi. Lakini siku hiyo, mbele ya wazee waliokuja kumwangalia, alipoulizwa kwa adabu kama safari yake ilikuwa njema, alijibu kwamba ilikuwa njema sana, hasa bafu. Akalieleza hilo bafu. Akaeleza bomba, akaeleza taulo, akaeleza jinsi maji yalivyomshuka mgongoni. Mwanamume mzima anamsimulia mama mkwe mtarajiwa jinsi maji yalivyomshuka mgongoni! Karani aliinamisha macho kwenye zulia, na mdogo wake, aliyeketi kando yake, akauziba mdomo kwa upande wa mtandio.

"Dada," alimnong'oneza baadaye jikoni, "huyu amekuja kuoa au kuogeshwa?"

Haikuwa ya siku moja. Mkwe alikuwa na ukurasa wake mtandaoni, ambako alilinganisha mabafu ya kumbi za wageni maalumu, zile ambako mashirika ya ndege huwakalisha wenye kadi zao kwenye makochi, wakingoja safari huku wanakula bure na kuoga bure. Yeye aliziita launji. Alizunguka dunia akioga humo, kisha akitoa alama: kasi ya maji, joto, sabuni, hata ndoano za kutundikia nguo. Na watu, tena wengi, walikaa kumsikiliza. Wafuasi wake walimwita Profesa wa Mabafu. Karani moyoni alimwita Bwana Manyunyu, na mdomoni akamwita "baba," maana mkwe ni mkwe.

Basi binti akajifungua. Alijifungulia huko mbali walikokuwa wakiishi na mumewe, kwa upasuaji, mtoto wa kiume. Simu aliyompigia mama yake ilikuwa fupi. "Mama, njoo," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeogopa kuvuta pumzi asije akauamsha mshono. Hazikupita siku nyingi, Bwana Manyunyu akatokea mlangoni kwa Karani na sanduku la magurudumu, akinukia kama duka la sabuni.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba. Mgonjwa umemwacha na nani?"

"Jirani anamwangalia, usiwe na wasiwasi. Na mambo ya tiketi niachie mimi."

Karani akamwachia. Alikuja kulijutia hilo kabla hata hajaiacha ardhi ya nyumbani, kwa sababu siku ya safari mkwe alimfikisha uwanjani mapema mno, kaunta hazijafunguliwa, wafagiaji bado wanasukuma mifagio yao mipana kwenye sakafu tupu.

"Tunawahi nini, baba?"

"Launji ya hapa wamefungua bafu jipya. Lazima niliingie."

"Si umeoga nyumbani asubuhi hii? Nimesikia maji yakimwagika mpaka nikadhani bomba limepasuka."

"Ile ilikuwa kuoga tu, Mama," alimjibu kwa upole, kama mwalimu anavyomjibu mwanafunzi mzito. "Hii ni kazi."

Karani akamfuata. Ukumbini alikaa kwenye kochi, akaweka mkoba mapajani, akaanza kuwaangalia hao wageni maalumu. Hakuona umaalumu wowote. Aliona wanaume wamelala vinywa wazi, viatu wamevua. Aliona mwanamke mwenye vito vya kila rangi akitia biskuti za bure kwenye mkoba wake, huku anaangalia kushoto na kulia kama washtakiwa wa Karani wa zamani. Kila mtu humo alijikalia kama mfalme kwa sababu ya kikombe cha chai ambacho nyumbani kwake asingekisifu.

Bwana Manyunyu alitoka bafuni uso umemwanguka.

"Tatu kwa kumi," alisema. "Mlango haufungi vizuri, na maji yanatoka kama machozi ya kulazimisha. Wameniaibisha. Nilishawaambia wafuasi wangu wakae mkao wa kula."

"Pole, baba," alisema Karani. Alilitamka hilo pole kwa namna ambayo mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi naye mahakamani angeinuka na kuondoka chumbani. Mkwe alilipokea kwa mikono miwili.

"Asante, Mama. Wewe unanielewa."

Ndege ya kwanza iliwachukua muda mrefu. Ilipotikiswa na upepo, mhudumu aliyekuwa akipita na birika aliyumba, na kahawa yote ikaishia kwenye gauni la Karani, kuanzia kifuani mpaka magotini. Alishuka kwenye uwanja wa pili miguu imevimba, gauni limekauka na kukakamaa, na ananuka kama mkahawa. Hapo Bwana Manyunyu akaiona nafasi yake.

"Mama, nakuomba. Bafu la hapa ndilo namba moja kwa wanaojua. Ukitoka humo utakuwa mtu mpya."

Karani hakuwa na haja ya kuwa mtu mpya, ila kahawa ilimshinda. Akakubali. Mhudumu msichana akamwongoza hadi kwenye chumba cha mawe meusi, kikubwa kuliko chumba alichokuwa akilala yeye na mumewe enzi za uhai wa mumewe, akampa taulo lililokunjwa umbo la bata, akafunga mlango na kumwacha.

Karani alilitazama lile bata. Akalikunjua kwanza, maana hakutaka kuangaliwa. Kisha akatafuta bomba, na bomba hakuliona. Ukutani palikuwa na vitufe vimepangwa kama vya lifti, kila kimoja na kipicha chake: tone, matone, wingu, mistari ya kulala. Akasogea avione vizuri, mtandio bado kichwani na gauni bado mwilini, akagusa wingu kwa ncha ya kidole.

Maji yalimshukia kutoka darini kama ndoo iliyopinduliwa. Akapiga kelele, akagusa kitufe kingine ili kuyazima, na hapo ukuta wenyewe ukamgeukia: maji yakamchapa ubavuni, kiunoni, magotini, ya baridi upande huu na ya moto upande ule. Aligusa vyote. Kimoja kilileta muziki. Mwisho alikaa sakafuni kwenye kona ambayo maji hayakuifikia, akayasubiri yachoke yenyewe, na kweli baada ya muda yakachoka. Ndipo akavua nguo zilizolowa chapachapa, akajimwagia yaliyobaki kwa kikombe cha kuwekea miswaki, kistaarabu, kama mtu mwenye akili zake. Akavaa gauni la akiba, akaufumbata mtandio mbichi mkononi, akatoka.

Alitoka mapema kuliko mkwe alivyotarajia. Bwana Manyunyu alikuwa amesimama kwenye ujia, amempa mgongo, simu ameinyoosha mbele ya uso wake, anaongea nayo kwa bashasha.

"Ndugu zangu, mnajua ninavyowapenda," alikuwa akisema. "Kuna ndege ya moja kwa moja. Ningeipanda, sasa hivi ningekuwa nyumbani nimenyoosha miguu. Lakini nimewaletea njia hii ya kuzunguka, viwanja vitatu, launji tatu, ili tulimalize shindano letu. Na leo niko na mama mkwe wangu, ambaye dakika hii anafurahia yale maji ya ukutani..."

"Ndege ya moja kwa moja ipo?" aliuliza Karani.

Simu ilishuka. Mkwe aligeuka, na tabasamu likabaki usoni halina mwenyewe.

"Mama! Umeonaje? Kwa kumi, bafu unalipa alama ngapi?"

"Nimekuuliza swali, baba. Ndege ya moja kwa moja kutoka nyumbani mpaka kwenu ipo?"

"Ipo," alisema. "Lakini Mama, shirika lile halina launji."

Karani alikuwa amesikia mengi katika kazi yake. Alimsikia mwizi aliyedai mbuzi wa watu alimfuata mwenyewe. Alimsikia mwanamume aliyeoa wake wawili kwa siri akasema alisahau. Lakini hili lilimfanya aegemee ukuta.

"Mke wako ana mshono tumboni," alisema polepole. "Ana mtoto mchanga. Hana mtu wa kumpa hata glasi ya maji isipokuwa jirani. Na wewe unanizungusha duniani tukipima mabomba?"

"Tofauti ni siku moja tu, Mama. Na kitu."

"Na kitu."

"Mwenyewe aliniambia nisiharakishe."

"Mwanamke akisema usiharakishe, wewe unasikia chelewa?" Karani alinyoosha mkono. "Lete pasipoti yangu. Lete na tiketi."

"Ninazitunza mimi, Mama, zisipotee."

"Lete."

Alizitoa mfukoni, akampa. Karani akazitia mkobani, akafunga zipu, akaenda kukaa mbali naye. Mtandio aliutandaza kwenye mgongo wa kochi la ngozi ukauke, na mgeni maalumu mmoja aliyemtazama kwa jicho la kuudhika alirudishiwa jicho ambalo lilimfanya ahame meza. Alitamani kumpigia binti yake simu amweleze kila kitu. Hakumpigia. Mtu mwenye mshono huna haja ya kumkasirisha, wala ya kumchekesha.

Safari ya pili walikaa viti vinavyopakana. Mkwe alijaribu mara moja kumwonyesha picha ya bafu la uwanja unaofuata. Karani alivuta blanketi mpaka kidevuni.

Uwanja wa tatu ulikuwa na watu kama siku ya gulio. Muda wa kungoja haukuwa mrefu, na Karani alidhani, kwa wema wa kijinga uliombakia, kwamba safari hii mkwe atakaa chini. Lakini kwenye ukumbi ule wanaotaka kuoga hupewa kidude cha plastiki kinachowaka taa zamu ikifika, na Bwana Manyunyu alikwenda kukichukua kabla hata ya kuweka begi chini. Akakaa nacho kiganjani, anakitazama kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Ubao wa safari ulikuwa ukutani mbele yao. Karani aliangalia ubao, mkwe aliangalia kidude.

Vyote viwili viliwaka pamoja.

"Baba, ndege yetu wameanza kuiita."

"Huwa wanaanza na wenye watoto na wazee, Mama. Sisi bado." Alishainuka, taulo begani.

"Mimi ni mzee."

"Naingia natoka. Hili likibaki, shindano halina mshindi."

Akaenda. Karani alibaki amesimama, mkoba kwapani. Aliwaangalia abiria wengine wa safari yao wakifunga mabegi na kutoka mmoja mmoja, mpaka upande ule wa ukumbi ukabaki vikombe vitupu. Akaenda kwenye mlango wa bafu, akagonga kwa konzi.

"Baba! Wanafunga lango!"

Ndani maji yalikuwa yakivuma. Sauti ya mkwe ilitoka humo imechangamka, ya mtu aliye mahali pake.

"Dakika mbili tu, Mama! Nina povu kichwani! Hapa kasi ni nane, labda tisa!"

Karani alisimama mbele ya mlango ule. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumwita mhudumu aufungue, na dunia nzima imwone mkwe wake alivyo na yeye amwone pia, Mungu apishe mbali. Alimfikiria binti yake akijiinua kitandani kwa viwiko. Kisha akasonya, msonyo mrefu ambao mhudumu aliyekuwa akikunja mataulo aliuelewa bila mkalimani, akageuka, akaondoka.

Hakuwahi kutembea peke yake kwenye uwanja wa ugenini. Alifuata alama, akapotea mara moja, akauliza, akaelekezwa. Ile lugha ya kigeni aliyoiandikia kesi za watu miaka yote ilimtosha. Alifika langoni anahema, akatoa pasipoti na tiketi yake mwenyewe. Kijana aliyekuwa akikagua alitazama kwenye kompyuta yake.

"Mama, mnasafiri wawili. Mwenzako yuko wapi?"

"Anaoga."

Kijana aliinua uso, akadhani amesikia vibaya. "Yuko wapi?"

"Anaoga," Karani alirudia. "Kwa hiari yake, na akili zake timamu. Mimi nimeshafika. Nipishe."

Akapanda. Ndege ilikaa kidogo bila kuondoka, kwa sababu ilibidi walitafute sanduku la Bwana Manyunyu kwenye mizigo na kulishusha. Abiria wakanung'unika wanamngoja nani. Karani naye alinung'unika, tena kwa sauti kuliko wote. Ila mlango ulipofungwa kabisa na kiti cha kando yake kikabaki kitupu, alijiuliza atamwambia nini binti yake. Alilipanga neno hili, akalipangua, akapanga lingine, mpaka usingizi ukampitia.

Jirani ndiye aliyekuja kumpokea, dereva wa basi, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa ameandika neno BIBI kwenye kipande cha boksi. Alimfikisha kwenye ghorofa wanakoishi, akambebea sanduku hadi mlangoni. Binti alifungua mwenyewe. Alikuwa amepungua uso, nywele hazijachanwa, mtoto ameegemea bega lake kama mfuko mdogo wa maji ya moto. Walikumbatiana kwa upande, wakiuogopa mshono.

Kisha binti akachungulia ngazi.

"Mama, mume wangu yuko wapi?"

Maneno yote aliyoyapanga angani yalimtoroka.

"Nimemwacha anaoga," alisema.

Binti alimtazama. Midomo ikaanza kumcheza. Akakaa kwenye kiti cha pale mlangoni, akashika tumbo kwa mkono mmoja, akacheka huku analia, "Usinichekeshe, Mama, unanipasua, usinichekeshe," na Karani, ambaye hakuwa amesema jambo la kuchekesha, akampokea mtoto ili asidondoke. Kicheko kilikwisha. Kilio hakikukwisha.

Simu yake ikalia; akapokea, akasikiliza, akaikata. "Ni yeye," alisema binti alipoweza. "Amepata ndege ya kesho. Mama, usimchukie."

"Simchukii. Namdharau. Ni kazi nyepesi zaidi."

"Hajawahi kumbeba."

"Nani?"

"Mtoto. Hajawahi kumbeba hata siku moja. Anamwangalia kwa mbali kama jiko la moto. Nikimwambia mshike kidogo nijinyooshe, anakwenda kuoga. Asubuhi anaoga, jioni anaoga. Aliposema anakuja kukuchukua, niliona macho yake yalivyofurahi, nikajua hatorudi upesi. Nikamwambia asiharakishe. Nilichoka kumwona akikimbia ndani ya nyumba. Nikaona bora akimbilie mbali."

Karani alimbusu mjukuu wake utosini, akaenda jikoni kutafuta kitu cha kupika. Alipokuwa akikata vitunguu aliwakumbuka wanaume waliokuwa wakisimama mahakamani kila mara kesi yao inapotajwa, shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa, na kuomba kwa heshima zote kesi iahirishwe. Leo shahidi anaumwa, kesho wakili amesafiri. Walikuwa nadhifu sana hao. Wenye hatia halisi walikuja na mashati yao machafu, wakamaliza siku hiyohiyo.

Siku ya pili mchana Bwana Manyunyu akaingia. Alinukia vizuri, hilo hakuna aliyeweza kumnyima. Alisimama kwenye zulia na sanduku lake mkononi. Mkewe alikuwa chumbani amelala. Karani alikuwa kwenye kochi na mtoto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeoga?"

Mkwe aliinamisha kichwa. "Ndiyo, Mama."

"Vizuri. Njoo umbebe mwanao."

"Niweke kwanza sanduku..."

"Sanduku halilii."

Hakusogea. Karani alimwona mikono yake, ile mikono iliyozoea kufungua mabomba ya dunia nzima, ikijificha nyuma ya mgongo kama ya mtoto aliyevunja kikombe.

"Nitamwangusha, Mama."

"Watu wasio na akili hata robo ya ulizonazo wamebeba watoto."

"Hujui," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Karani alimsikia akisema jambo bila kulipamba. "Siku ya upasuaji waliniruhusu niingie. Nilimwahidi mke wangu nitakaa naye. Waliponionyesha mtoto, wakaniambia baba, mpokee, nikaona damu, nikaanguka. Chini kabisa. Muuguzi alimdaka mtoto nikiwa nimeshamgusa. Nilimgusa, Mama, nikamwachia. Mama yake alikuwa nyuma ya pazia, hakuona. Walimwambia nimetoka kupiga simu. Toka siku ile nikimkaribia nasikia miguu inaisha."

Karani alilipima hilo neno kwa sikio lake. Halikuwa la uongo. Alitamani lingekuwa la uongo, angejua la kufanya nalo.

"Kwa hiyo," alisema, "ulianguka."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaona dawa ya kuanguka ni kuzunguka viwanja vitatu ukitoa alama kwa ndoano za kutundikia nguo."

"Ndiyo, Mama."

"Baba, mimi nimesikia upuuzi mwingi, lakini wako una mabawa." Alijisogeza kwenye kochi, akapiga mto kwa kiganja. "Kaa hapa chini. Siyo hapo, hapa, katikati. Mtu aliyekaa chini haanguki. Weka mikono hivi. Siyo kama unapokea trei, hivi. Kichwa chake kwenye kiwiko chako."

Akamweka mtoto mikononi mwake kabla hajapata neno la kuahirisha. Bwana Manyunyu alikakamaa kama mlingoti. Jasho lilimchuruzika kutoka utosini, likapita kwenye nywele zile zilizooshwa juzi kwa gharama ya ndege nzima, likamdondoka kidevuni. Mtoto alifungua jicho moja, akamtazama, akaanza kulia kwa nguvu zake zote.

"Analia, Mama! Mchukue!"

"Ana mdomo, ataufanyia nini? Mwache alie. Na wewe usiinuke."

Kilio kilimwamsha binti. Alitoka chumbani akijishika ukutani, akawaona. Alitaka kusema jambo, Karani akamkata kwa jicho. Basi akaja taratibu, akakaa upande wa pili wa mumewe, na mumewe, bila kuinua macho kutoka kwa mtoto, kwa sauti iliyokuwa ikikatika, akamsimulia habari ya kuanguka. Alimsimulia yote. Binti alisikiliza mpaka mwisho.

"Wauguzi waliniambia siku ileile," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Karani aliinuka akawaachia kochi lao. Hakupenda kutazama watu wakisameheana. Siku zote aliona ni jambo linalochukua muda mrefu na halimalizwi sawasawa.

Alikaa kwao mpaka mshono ukapona. Bwana Manyunyu hakugeuka malaika. Alitoa matokeo ya shindano lake kama alivyoahidi, yale mawe meusi yakashinda, na maelfu ya watu wakaingia kubishana kuhusu sabuni mpaka Karani, alipoonyeshwa, akauliza kama hao wote hawana kazi. Wengine waliulizia mama mkwe ameyaonaje maji ya ukutani. Mkwe alitaka kumrekodi akijibu. Karani alimtazama mara moja tu, simu ikarudi mfukoni.

Mdogo wake alipopiga simu kutoka nyumbani kuuliza hali, na hasa kuuliza yule mwogaji anaendeleaje, Karani alikuwa kwenye kiti cha jikoni, ameinua miguu juu ya stuli. Mbele yake, beseni lilikuwa juu ya meza. Mkwe alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka juu, mtoto kamweka kwenye mkono wa kushoto kama alivyoonyeshwa, na ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kwa bidii. Alikuwa bado hajamgusisha maji, na tayari shati lake lote lilikuwa limelowa.

"Yupo hapa anamwaga maji," Karani alisema kwenye simu. "Ngoja nikupigie baadaye, atanizamisha humu jikoni."

"Mama," aliita mkwe, kiwiko ndani ya beseni, "haya yamezidi moto, au ndiyo yenyewe?"

"Yamezidi. Ongeza baridi. Wewe si ndiye Profesa?"

Akaongeza baridi.